Barringer, tajiri aliyesaka kimondo kwa miaka 26 akaambulia mashimo matupu

Mwishoni mwa Novemba 1929, Daniel Moreau Barringer alipokea ripoti ya kurasa 127 iliyojaa hesabu. Siku chache baadaye, Novemba 30, moyo ulisimama. Alikuwa na umri wa miaka 69.

Ripoti ile ilisema jambo moja ambalo hakutaka kulisikia: kile alichokuwa anakichimba tangu 1903 hakipo.

Barringer hakuwa mbabaishaji. Alizaliwa Mei 25, 1860 huko Raleigh, North Carolina, katika familia yenye jina. Baba yake aliwahi kuwa mbunge na mwakilishi wa Marekani nchini Hispania. Akamaliza chuo Princeton akiwa na miaka 19 tu, akasomea sheria, halafu akaona uwakili haumfai. Akarudi darasani kusoma miamba na madini.

Hapo ndipo alipotoboa. Mgodi wa fedha wa Commonwealth, kule Pearce jimboni Arizona, ulimfanya yeye na wenzake kuwa matajiri. Kwa hiyo mwaka 1902, alipopewa habari za shimo la ajabu katika jangwa la Arizona lililozungukwa na vipande vya chuma, aliyesikiliza hakuwa mtoto. Alikuwa mtu wa migodi mwenye hela na jicho la biashara.

Shimo lenyewe si la mchezo. Upana wake ni kama kilomita 1.2, na kina chake ni karibu mita 170. Ukisimama ukingoni, mtu aliye chini unamwona kama sisimizi.

Vile vipande vya chuma vilishajulikana kuwa ni vya kimondo. Hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa kwenye shimo: je, limechimbwa na kimondo, au vimondo vilianguka tu karibu na shimo lililokuwepo tayari?

Mkubwa wa wanajiolojia wa serikali ya Marekani, Grove Karl Gilbert, alishafika pale mwaka 1891. Alipima usumaku ili aone kama kuna bonge la chuma limezikwa chini. Hakuona kitu. Akakadiria mawe yaliyotapakaa nje, akaona yanatosha kulijaza shimo lile lile, maana yake hakuna mzigo wa ziada uliobaki ndani. Akahitimisha kuwa ni mvuke wa volkano uliolipuka. Gilbert alikuwa na heshima kubwa, na neno lake likachukuliwa kama limeshamaliza kesi.

Barringer hakukubali. Mwaka 1903 yeye na mwenzake, Benjamin Chew Tilghman, walianzisha kampuni, wakapata hati ya ekari 640 za eneo lile, na kazi ikaanza.

Na katika hoja, alimbwaga Gilbert vibaya. Alionyesha kuwa vipande vya chuma vimechanganyika ndani kabisa ya mawe yaliyorushwa, kwa hiyo vilifika wakati ule ule shimo lilipotokea. Alionyesha kuwa tabaka za miamba ukingoni zimepinduliwa juu chini, kama chapati iliyogeuzwa. Alikuta mamilioni ya tani za mchanga uliosagwa ukawa laini kama unga. Hakuna jiwe hata moja la volkano humo. Na ukichimba kina cha kutosha, unakuta miamba ya chini imetulia, haijaguswa. Nguvu iliyofanya yale ilitoka juu, si chini.

Maandiko hayo aliyatoa mwaka 1906. Wanajiolojia wengi walikaa kimya. Gilbert mwenyewe hakujibu hadharani. Kwa mtu kama Barringer, mbishi na mwepesi wa hasira, kimya kile kiliuma kuliko tusi.

Ila kuna jambo lazima lisemwe. Sayansi kwake ilikuwa nusu ya habari. Nusu nyingine ilikuwa mzigo. Aliamini chini kuna kimondo chenye uzito wa hadi tani milioni 100 za chuma na nikeli. Mzigo wa namna hiyo ungemfanya awe mmoja wa matajiri wakubwa Marekani.

Basi wakachimba. Kufikia 1908 walishatoboa mashimo 28 katikati ya kreta. Chuma cha maana hakuna.

Mwingine angefungasha virago. Barringer alichukua bunduki, akafyatua risasi kwenye tope zito kwa pembe ya mshazari, na akagundua kwamba hata risasi iliyoingia kwa upande huacha tundu la mviringo. Kumbe kreta kuwa ya duara hakumaanishi kimondo kilishuka wima! Kinaweza kuwa kiliingia kwa mshazari, kikajificha chini ya ukingo. Na ukingo wa kusini, ambako tabaka zimenyanyuliwa kuliko pengine, ukaonekana ndio penyewe.

Mitambo ikahamia kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 walitoboa hadi kupita mita 400, mtambo ukanasa chini, na pesa zikakata. Mwaka 1926 akapata wawekezaji wengine, kampuni mpya, shimo jipya la mgodi. Safari hii maji ndiyo yaliyowashinda. Kila wakishuka, yanafurika.

Pesa zake mwenyewe zilishayeyuka. Alikuwa na mke na watoto wanane.

Ndipo mwaka 1929 wakubwa wa kampuni, kabla ya kumwaga pesa zaidi, wakamwomba mtaalamu wa hesabu za anga, Forest Ray Moulton, awaambie kimondo kina uzito gani. Swali la kawaida tu la mwenye mtaji.

Jibu la kwanza lilikuja Agosti: si tani milioni 100, bali kama 300,000 hivi. Barringer akawaka, akatafuta wataalamu wa kumpinga. Moulton akarudi Novemba na zile kurasa 127. Hesabu yake ilikuwa hivi: kitu kikitoka angani kwa kasi ya kilomita nyingi kwa sekunde, nishati yake ni kubwa mno kuliko ya baruti ya uzito huo huo. Kikigonga ardhi hakizami kama risasi kwenye tope. Kinalipuka. Sehemu kubwa inageuka mvuke na matone, inatawanyika.

Kwa lugha nyepesi, shimo ni kubwa kwa sababu kimondo kiliisha.

Hapo mtu aliyefika Mbozi, mkoani Songwe, anaweza kuuliza: mbona kimondo cha kule nacho ni chuma, kina tani kadhaa, na kimebaki kizima bila kreta? Tofauti ni ukubwa. Kimondo kidogo hewa hukipunguza kasi kabla hakijafika. Kile cha Arizona kinakadiriwa kuwa na upana wa mita 50 hivi. Hewa haikukizuia sana.

Kampuni ikasimamisha kazi. Soko la hisa la New York lilikuwa limeanguka mwezi mmoja tu kabla, nani angetoa hela tena? Barringer akafa na mitambo ikiwa kimya.

Kinachouma ni kwamba kuhusu shimo lenyewe alikuwa sahihi. Mwaka 1960 Eugene Shoemaker na wenzake walitangaza kuwa wamekuta pale koesiti, aina ya silika inayohitaji mgandamizo mkubwa mno, mgandamizo ambao mlipuko wa mvuke hauwezi kuuleta. Ubishi ukafa. Leo wanasayansi wanasema kreta ile ina umri wa miaka 50,000 hivi, na uzito wa kimondo wanaukadiria karibu na namba ile ile ya Moulton. Wanaanga wa Apollo walipelekwa huko kufanya mazoezi kabla ya kwenda mwezini. Wataalamu wengi huiita kreta ya Barringer.

Ardhi bado ni ya familia yake. Watalii hulipa kiingilio, husimama ukingoni na kupiga picha. Chini kabisa, katikati, mabaki ya mgodi wake wa zamani bado yanaonekana.