Penzi lililoanguka Voi: Kile kiti cha pili kilikuwa cha nani?

Hebu sema ukweli. Wewe uliyemaliza riwaya saa nane usiku, ukafuta machozi kwa shuka na kuapa hutagusa tena hadithi ambayo mpenzi mmoja anakufa mwishoni, kesho yake si ulitafuta nyingine kama hiyo hiyo? Usione haya, tuko wengi. Romeo na Juliet wametuliza kwa zaidi ya miaka 400. Yule Jack wa filamu ya Titanic alizama mwaka wa 1997, na hadi leo watu wazima wenye kazi na madeni wanabishana ndani ya matatu kama ule ubao ungetosha wawili.

Mimi nina shaka moja na hadithi hizi. Mara nyingi kifo hakiliui penzi, kinaliokoa. Jamaa angeishi miezi sita zaidi, tungeona ugomvi wa kawaida, kurudishiana vitabu na shati, kisha kublokiana. Na si lazima uende Verona wala katikati ya Atlantiki kupata mfano. Panda gari la Voi.

Ukiwa juu Mbololo siku isiyo na ukungu, chini unauona mji wa Voi, halafu nyika ya Tsavo inaanza, inaenda mpaka macho yachoke. Ni nyika ya ndovu, na wakulima wa Mbololo watakwambia ndovu hao bado huja kuvuna wasichopanda. Mwaka wa 1931 hakukuwa na mbuga iliyotengwa, maana Tsavo ilitangazwa kuwa mbuga mwaka wa 1948. Kulikuwa na reli, stesheni, ofisi ya DC na kiwanja kidogo cha ndege. Kwenye kiwanja hicho, asubuhi ya Alhamisi tarehe 14 Mei mwaka huo, ndipo ilipoishia safari ya Denys Finch Hatton, mwanamume ambaye pengine umemlilia bila kujua alifia huku kwetu.

Kama umetazama filamu ya Out of Africa, unamjua kwa sura ya Robert Redford na zile nywele zake za dhahabu. Sasa pole, nakuharibia: Denys halisi alikuwa na kipara. Alikuwa mrefu, mcheshi, msomi, na hakukosa kofia, lakini nywele hakuwa nazo. Hata hivyo wanawake walimpenda, kwa hiyo wewe kijana unayehesabu nywele zinazobaki kwenye kitana, tulia.

Alizaliwa London tarehe 24 Aprili 1887, mtoto wa pili wa kiume wa Earl wa 13 wa Winchilsea. Hapo tayari kuna hadithi nzima, kwa sababu kwa mila za mabwanyenye wa Uingereza cheo na mashamba huenda kwa kifungua mimba. Wa pili anapewa jina, shule nzuri na kwaheri. Denys alisoma Eton, kisha Oxford, akatoka huko akijua mashairi mengi kuliko kazi. Mwaka wa 1911 akaja Afrika Mashariki. Akanunua ardhi upande wa magharibi wa Bonde la Ufa, akajaribu biashara, lakini kilichomkamata hasa ni mwitu. Vita Kuu vya Kwanza vilipoanza akapigana katika kampeni ya huku Afrika Mashariki, akapata nishani ya Military Cross. Tusisahau kwamba vita hivyo vilipita mlangoni kwa Wataita: reli ya kutoka Voi kwenda Taveta ilijengwa kwa ajili ya jeshi, na wapiganaji waliolala kwenye makaburi ya vita pale Voi hawakuja kutalii.

Tarehe 5 Aprili 1918, katika klabu ya Muthaiga jijini Nairobi, akakutana na Karen Blixen. Karen alikuwa Mdenmaki, amemzidi Denys miaka miwili, na alikuwa mke wa mtu. Aliolewa na Bror Blixen mjini Mombasa mnamo Januari 1914, na sasa walikuwa na shamba la kahawa chini ya milima ya Ngong, mahali penye baridi kuliko kahawa inavyotaka. Bror alikuwa mwindaji hodari na mume ovyo. Wakatengana mwaka wa 1921 na talaka ikatoka 1925. Denys akahamishia vitu vyake kwa Karen, vitabu na gramafoni, na wengi tunachukulia kwamba hapo penzi lilikaa sawa.

Halikukaa. Nyumba hiyo ilikuwa kituo chake cha kupumzikia. Alikuwa akiishi safarini, akiongoza matajiri kuwinda, miezi inapita, kisha siku moja anatokea bila taarifa na kila kitu kinasimama. Karen anamsimulia hadithi usiku kucha, yeye amelala zulia sakafuni anasikiliza. Yeye naye anamfundisha Karen Kilatini, anampigia muziki. Wiki moja ya raha, halafu huyoo amepotea tena. Wewe una rafiki mwenye mpenzi wa namna hii, na unajua ushauri uliompa. Karen alitaka mume, Denys hakutaka kumilikiwa na mtu. Hakuna mwovu hapo, lakini pia hakuna ndoa.

Tuwe wa haki kwake, kuna jambo moja linalompa heshima yake. Alikuwa mwindaji wa kulipwa, na mwaka wa 1928 alimwongoza mwana wa mfalme wa Uingereza, yule Edward ambaye mwaka wa 1936 angeacha ufalme kwa ajili ya mwanamke. (Katika safari hiyo Denys alimwomba Bror Blixen amsaidie, kwa hiyo mume wa zamani na mpenzi wa sasa walikuwa kambi moja. Mwandishi wa tamthilia za televisheni akikuletea kisa hicho utamwambia amezidisha.) Lakini Denys huyo huyo aliandika katika gazeti la The Times kulaani watu waliokuwa wakiua simba kwa kuwapiga risasi kutoka kwenye magari huko Tanganyika, na akawa miongoni mwa wa mwanzo kuwahimiza wateja wake wabebe kamera.

Sasa njoo kwenye ndege. Denys alijifunza urubani akanunua Gipsy Moth, ndege ndogo isiyo na paa, yenye viti viwili vilivyofuatana. Alimpakia Karen, wakaona milima ya Ngong kutoka juu. Hicho ndicho kipande ambacho kila mtu anakikumbuka kwenye filamu, na kwa kweli ni kizuri.

Ambacho filamu inakipitia mbio ni hali ya mambo mwanzoni mwa 1931. Shamba lilikuwa limefilisika na kuuzwa, Karen akipakia vitu arudi Denmark. Denys alikuwa ameshahama nyumba ile. Tena kulikuwa na mwanamke mwingine, Beryl Markham, msichana aliyelelewa Njoro, ambaye baadaye angekuwa rubani mashuhuri kwa kuvuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi mwaka wa 1936. Kwa lugha ya mtaani, Karen alikuwa ameachwa. Kimyakimya, kwa adabu za kizungu, lakini ameachwa. Kama hadithi ingeachiwa iende yenyewe, mwisho wake ungekuwa meli inaondoka Mombasa na barua zinazopungua mwaka hadi mwaka. Nani angetoa filamu ya hiyo?

Mei hiyo Denys alipanga kuruka hadi pwani, alikokuwa na nyumba Takaungu, na kurudi kupitia Voi kuangalia kama ndovu wanaweza kutafutwa kutoka angani. Huo ulikuwa mpango wa biashara: ukimwona ndovu mwenye pembe kubwa ukiwa juu, mteja hachoki kumfuata kwa miguu wiki mbili. Karen aliomba aende naye. Kwa maelezo yake mwenyewe, Denys alikubali kwanza, kisha akabadilisha: safari ya nyika za Voi ingekuwa ngumu, huenda wakalazimika kutua porini na kulala huko, kwa hiyo alihitaji kubeba mtumishi Mwafrika. Beryl naye ameandika kwamba alialikwa, lakini mwalimu wake wa urubani, Tom Campbell Black, akamsihi angoje.

Kwa hiyo kiti cha pili kikawa na mtu wa tatu. Aliitwa Hamisi.

Nataka ukae hapo kidogo, kwa sababu kila anayesimulia kisa hiki anapita hapo kwa kasi ya Tahmeed usiku. Wanawake wawili walikosa kiti kile na wote wawili wakaishi kuandika vitabu vilivyosomwa dunia nzima. Aliyekipata hakuwa anafuata mahaba wala mandhari. Alikuwa kazini. Kiti ambacho kwenye hadithi ya mapenzi ni cha mpenzi, kwake kilikuwa sehemu ya kibarua: ndege ikitua porini, kuni nani atatafuta, moto nani atawasha?

Pwani rafadha ya ndege, ile pangaboi ya mbele, iligonga tumbawe wakati wa kutua Vipingo ikapata ufa. Denys akaagiza nyingine kutoka Nairobi, ikaletwa, ikafungwa. Wakaruka hadi Voi, ndovu wakaonekana, Denys akapokelewa na DC. Asubuhi ya Alhamisi wakaondoka kurudi Nairobi. Ndege ikapaa, ikazunguka juu ya kiwanja, halafu ikaanguka chini na kulipuka moto. Waliokimbilia pale hawakuweza kumwokoa mtu. Denys alikuwa na miaka 44. Umri wa Hamisi hakuna simulizi lililojali kuuweka.

Nairobi Karen alikuwa akimngoja siku hiyo hiyo. Aliona watu mjini wakimkwepa, wakigeuza nyuso, asielewe. Alikula chakula cha mchana kwa Lady McMillan, na baada ya kula akavutwa kando kwenye chumba kidogo akaambiwa. Maiti ya Denys ikapelekwa kwa gari moshi usiku, na kesho yake akazikwa kwenye milima ya Ngong, mahali alipokuwa amepataja mwenyewe. Baadaye nduguye aliweka mnara wenye bamba la shaba, na Wamaasai wakaleta habari kwamba simba huja kulala juu ya kaburi lile. Hata mimi mgumu, hapo kwenye simba koo hunikaba kidogo.

Lakini angalia kilichofanyika. Kwa asubuhi moja pale Voi, mwanamke aliyeachwa akageuka mjane. Hakuna tena wa kumwuliza kwa nini ulihama, wala Beryl ni nani kwako. Mwaka wa 1937 Karen alitoa kitabu chake, na ajabu ni kwamba ndani yake hasemi hata mara moja waziwazi kuwa walikuwa wapenzi. Anamwita rafiki, anamsifu, anamzika. Msomaji ndiye anayejaza mengine, na msomaji akishajaza mwenyewe huwezi kumtoa. Karen alifariki mwaka wa 1962. Hollywood ikaja kumalizia mwaka wa 1985, kwa tuzo saba za Oscar. Leo kuna mtaa mzima wa Nairobi unaoitwa Karen, na kambi ya watalii katika Tsavo Magharibi inayoitwa Finch Hattons.

Sisemi usilie. Filamu ni tamu na kitabu ni kitamu zaidi, ingawa jinsi kinavyowatazama Waafrika kitakuudhi kurasa nyingi, na una haki ya kuudhika. Ninachosema ni kwamba watengenezaji wa majonzi huchagua nani aliliwe, na kwenye ajali ya watu wawili wamechagua mmoja. Ukiwa kijana wa Mbololo au wa Tausa unayeandika hadithi kwenye simu yako usiku, ile ya Hamisi bado haijachukuliwa na mtu. Alikuwa na nani nyumbani? Nani aliambiwa, na aliambiwa vipi, maana yeye hakuwa na Lady wa kumvuta kando?

Miezi michache baada ya mazishi, Karen alipanda gari moshi Nairobi kwenda Mombasa, asirudi tena Kenya maisha yake yote. Reli ni ile ile moja, lazima ipite Voi. Kitabu chake kinamalizikia kwenye safari hiyo, lakini Voi haitajwi hapo. Treni inasimama stesheni ya Samburu, mbele kabisa ukielekea pwani, injini inywe maji, naye anashuka kutembea kidogo pamoja na Farah, msimamizi wake Msomali. Anageuka kutazama nyuma, na anaandika kwamba kutoka hapo aliiona milima ya Ngong. Chukua ramani uangalie. Kutoka Samburu, Ngong haionekani.