Frateri Aliyechuchumaa Njiani

Mvua ikikatika na jua kuchomoza, frateri mmoja wa Stonyhurst, kaskazini mwa Uingereza, alikuwa akitoka mbio hadi kwenye njia ya bustani, anachuchumaa na kutazama changarawe zilizolowa zikimetameta. Bruda mmoja wa nyumba hiyo alimkumbuka hivyo, kama mtu wa ajabu kidogo. Huyo ndiye Gerard Manley Hopkins, na alikuwa akisoma falsafa kama sisi.

Alizaliwa tarehe 28 Julai 1844, mtoto wa kwanza kati ya tisa katika familia ya Kianglikana. Akiwa mwanafunzi wa Oxford alipokelewa katika Kanisa Katoliki mwaka 1866 na John Henry Newman, ambaye leo ni Mtakatifu. Wazazi wake waliumia sana. Mwaka 1868 akaingia unovisi wa Wajesuiti, lakini kwanza alichoma mashairi yake akiona hayaendani na wito, akaazimia kutoandika tena isipokuwa wakubwa wake wapende.

Tusimame hapo kidogo. Nani kati yetu hajawahi kujiuliza kama gitaa lake, au daftari lake la michoro, linamwibia Mungu muda? Hopkins alijibu kwa kiberiti. Sisi tunadhani aliharakisha.

Macho hayakuungua, hata hivyo. Katika shajara zake aliendelea kuchora na kueleza mawingu, barafu, maji yanavyoporomoka, majani yanavyojipanga kwenye tawi. Alibuni hata neno lake la kutaja lile umbo la ndani linalokifanya kitu kiwe kimoja na cha pekee. Mwaka 1872 akakutana na maandishi ya Duns Scotus, Mfransisko wa Zama za Kati, aliyefundisha kwamba kila kitu kina hali yake ya kuwa hiki na si kingine. Wengi wetu tunamjua Scotus kama swali la mtihani. Kwa Hopkins alikuwa ruhusa ya kupenda alichokiona. Mwaka uliofuata mti mmoja wa bustanini ulikatwa, naye akaandika kwamba uchungu ulimfanya atamani kufa kuliko kuona maumbo ya dunia yakiharibiwa. (Mwembe wa nyuma ya bwalo letu ulipokatwa mwaka jana, tuliulizia kuni tu.)

Teolojia aliisoma St Beuno's, Wales. Mwezi Desemba 1875 meli Deutschland ilikwama na kuvunjika karibu na mdomo wa mto Thames, na kati ya waliokufa maji walikuwa masista watano Wafransisko waliofukuzwa Ujerumani na sheria za kulibana Kanisa. Gombera akasema ingefaa mtu atunge shairi juu yao. Kwa neno hilo moja kimya cha miaka saba kikaisha. Gazeti la Wajesuiti wenzake lilikataa kulichapa. Lakini mlango ulikuwa umefunguka, na mwaka 1877, kabla ya kupadrishwa tarehe 23 Septemba, alitunga soneti juu ya kozi anayeelea kwenye upepo, na juu ya vitu vyenye madoa na mabaka. Mwaka huohuo hakupewa nafasi ya mwaka wa nne wa teolojia.

Baadaye alitumwa Liverpool na Glasgow, kwenye moshi na umaskini, kisha Dublin mwaka 1884 kufundisha Kigiriki na kusahihisha lundo la mitihani. Huko alitunga soneti za giza, ambamo Mungu haonekani kujibu. Wanaomsifia kozi wake huziruka hizi. Tusiziruke, ni za padre yuleyule, mwenye macho yaleyale.

Alifariki kwa homa ya matumbo tarehe 8 Juni 1889, akiwa na miaka 44, karibu mashairi yake yote yakiwa hayajachapwa. Rafiki yake Robert Bridges, ambaye hakuwa Mkatoliki, aliyatunza hadi alipoyatoa mwaka 1918. Zilichapwa nakala 750, na kumalizika kwake kulichukua miaka kama kumi.