Mahmud wa Kashgar, Bingwa wa Kituruki

Habari za Waturuki tuzisomazo mara nyingi ni za vita. Mimi nataka kuwasimulieni habari za Mturuki aliyepigania maneno.

Mahmud alitoka katika jamaa ya Kashgar, mji ulioko leo magharibi ya Uchina, akaishi katika karne ya 11. Mwaka 1055 Waturuki Waseljuki waliingia Baghdad wakashika utawala, lakini lugha ya elimu pale ilikuwa Kiarabu. Mahmud, aliyekwisha kuzunguka miji na malisho ya Waturuki akikusanya maneno, methali na mashairi, alianza mwaka 1072 kuandika kamusi ya Kituruki kwa Kiarabu. Alishikilia kwamba lugha hizo mbili zakimbia sambamba, mfano wa farasi wawili mashindanoni.

Kazi haikuwa rahisi. Kiarabu hugeuza neno tumboni mwake: kitab kikiwa kimoja, kutub vikiwa vingi. Kituruki huliacha shina kikaongeza mikia, mmoja nyuma ya mwingine. Tazameni Kituruki cha Uturuki ya leo: ev ni nyumba, evim nyumba yangu, evimde nyumbani mwangu, evimden kutoka nyumbani mwangu. Zikiwa nyingi, tena zetu, husemwa evlerimizden. Mkia wa mwenye mali hutangulia, wa mahali hufuata, wala haipinduliwi zamu hiyo. Sisi tusemao mwanangu, nduguye na shuleni twaionja kidogo habari hii. Lakini nani kati yetu athubutu kusema mwananguni?

Maneno yake Mahmud aliyapanga kwa mizani ya Kiarabu. Naona hapo alikivika Kituruki kanzu ya kuazima, ila pasipo hivyo wanachuoni wa Baghdad wangepotea njia.

Linisikitishalo ni kitabu chake kingine, kilichohusu nahau ya Kituruki peke yake. Twakijua kwa sababu alikitaja mwenyewe ndani ya kamusi, chenyewe kimepotea. Hata kamusi ilinusurika kwa nakala moja tu, iliyoandikwa Dameski mwaka 1266. Ilizuka Istanbul mwanzoni mwa karne ya 20, akainunua Ali Emiri, mpenda vitabu mkubwa, ikapigwa chapa kati ya 1915 na 1917. Ndani yake mna ramani ya duara, na mji uliowekwa katikati si Makka wala Baghdad, bali Balasagun, mji wa Waturuki.