Mzee Stagg na matela

Amos Alonzo Stagg alizaliwa 1862 kule New Jersey, Marekani. Alisomea uchungaji pale Yale, lakini akaona kuhubiri kunamushinda, basi akashika mupira. Mupira wao ni wa kubeba mukononi na kuangushana, si kama wetu. Mwaka 1889 alikunja matela, wachezaji wakajizoeza kuirukia na kuiangusha: nguvu inaongezeka, mbavu za wenzao zinapona. Akili kweli! Toka 1892 alifundisha kwenye chuo kikuu cha Chicago. Sigara hapana, pombe hapana, na mbio alipiga hata uzeeni. Alipofika miaka 70, wakubwa walitaka aache kufundisha. Akakataa, akaenda California, akaendelea na vijana. Alikufa 1965, mwenye miaka 102.