Ibn Nafis: Faqihi aliyekuwa bingwa wa utabibu

Kila mwaka matokeo ya mitihani yanapotangazwa, mjadala mmoja huzuka katika nyumba zetu nyingi. Kijana amefaulu vizuri masomo ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, na walimu wake wanamshauri ashike njia ya udaktari. Lakini kijana huyo huyo amehitimu chuoni, ameanza kusoma fiqhi, na babu yake anatamani aendelee kwa masheikh. Wazazi hubaki wamegawanyika, kana kwamba mwenye kuishika njia moja ameitupa nyingine.

Ndugu Waislamu, mjadala huu si mgeni. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111 Miladia), aliuhesabu utabibu kuwa ni fardhi kifaya: wakikosekana wa kuutekeleza, jamii nzima hubeba dhambi. Akasikitika kuona wanafunzi wa zama zake wakisongamana katika fiqhi, huku miji mingine ikiwa haina tabibu Muislamu hata mmoja. Karne moja hivi baada yake alizaliwa mtu ambaye maisha yake yanatosha kuwa jibu. Huyo ni Alaauddin Ali bin Abil Hazm al-Qarashi, maarufu kwa jina la Ibn Nafis.

Ibn Nafis alizaliwa katika nchi ya Sham mwanzoni mwa karne ya saba Hijria, yapata mwaka 1210 Miladia, na akasomea katika mji wa Damascus. Mjini humo ilikuwepo hospitali ya Nuri, iliyojengwa mwaka 1154 na mtawala Nuruddin Zengi. Wagonjwa walitibiwa hapo, na wanafunzi walifundishwa hapo hapo. Mwanafunzi alisoma vitabu, kisha akamfuata mwalimu wake kitanda kwa kitanda, akiangalia jinsi anavyopima mapigo ya mshipa na kumhoji mgonjwa.

Mwalimu wake alikuwa Muhadhabuddin ad-Dakhwar, tabibu mkubwa wa Sham wakati ule. Ad-Dakhwar hakuanzia juu. Alikuwa mtoto wa tabibu wa macho, na yeye mwenyewe aliianza kazi kwa kutibu macho, kabla ya kupanda hadi kuwa tabibu wa wafalme. Alipofariki, katika mwaka 628 Hijria, aliiacha nyumba yake iwe wakfu na madrasa ya kufundishia utabibu. Jambo hili tuliweke akilini, kwani tutalirejea.

Pamoja na utabibu, Ibn Nafis alisoma fiqhi ya madhehebu ya Imamu Shafi, madhehebu yale yale yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Alisoma pia hadithi, lugha ya Kiarabu na mantiki. Hakuifanya elimu moja kuwa ya kazi na nyingine kuwa pambo. Alipohamia Misri alitibu wagonjwa mjini Cairo, na papo hapo akafundisha fiqhi katika madrasa ya Masruriyya. Aliandika sherehe ya kitabu cha at-Tanbih cha Imamu Shirazi, na kitabu kifupi juu ya elimu ya hadithi. Kwa sababu hiyo Imamu Subki, alipokusanya habari za wanavyuoni wa Kishafi, alimtia ndani yake. Ni tabibu aliyehesabiwa na mafaqihi kuwa ni mwenzao.

Katika utabibu alifikia cheo cha mkuu wa matabibu wa Misri, na alikuwa tabibu wa Sultani Baybars, aliyetawala kuanzia mwaka 1260 hadi 1277. Hata hivyo hakuwa mtu wa kumjaza mgonjwa madawa. Maadamu chakula kilitosha kutibu, hakuandika dawa. Na dawa ya kitu kimoja ilipotosha, hakuandika ya mchanganyiko.

Jambo lililoliweka jina lake katika historia alilifanya akiwa bado kijana. Mwaka 640 Hijria (1242), akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, aliandika sherehe ya sehemu za kitabu cha al-Qanun cha Ibn Sina zinazoeleza maumbile ya viungo vya mwili. Kwa zaidi ya miaka elfu moja matabibu walikuwa wakifuata maelezo ya Galen, tabibu wa Kiyunani ambaye Waarabu walimwita Jalinus. Yeye alishikilia kuwa damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kupitia vitundu visivyoonekana, vilivyomo katika ukuta unaozitenga pande hizo mbili. Hata Ibn Sina, pamoja na ukubwa wake, aliifuata kauli hiyo.

Ibn Nafis aliikataa. Alieleza kuwa ukuta huo ni mnene na hauna tundu, la kuonekana wala la kufichika. Damu, alisema, hutoka upande wa kulia ikaenda kwenye mapafu, ikachanganyika na hewa humo, kisha ikarudi upande wa kushoto wa moyo. Aliongeza kuwa ndani ya mapafu lazima pawepo njia ndogo zinazoiunganisha mishipa hiyo, na kwamba moyo wenyewe hulishwa na mishipa iliyomo mwilini mwake. Haya aliyaandika huku akitaja kuwa sheria na huruma vilimzuia kupasua miili. Aliyapima maelezo ya waliomtangulia, na alipoona hayasimami, hakuyanyamazia kwa kuogopa majina makubwa.

Huko Ulaya, Michael Servetus aliandika juu ya safari hiyo ya damu mwaka 1553, na William Harvey wa Uingereza akaeleza mzunguko mzima wa damu mwaka 1628. Njia ndogo za mapafuni hazikuonekana hadi mwaka 1661, kwa hadubini ya Malpighi wa Italia. Maneno ya Ibn Nafis yalibaki katika hati za mkono hadi mwaka 1924, pale daktari kijana wa Kimisri, Muhyiddin at-Tatawi, aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, alipoyaibua kutoka katika hati iliyokuwa Berlin.

Bidii yake ilikuwa ya ajabu. Imesimuliwa kwamba siku moja akiwa hamamuni alitoka katikati ya kuoga, akaomba kalamu, wino na karatasi, akaandika risala juu ya mapigo ya mshipa mpaka akaimaliza, kisha akarudi kuendelea kuoga. Alikusudia kuandika kitabu cha utabibu, ash-Shamil, chenye juzuu 300, akakamilisha 80. Muhtasari wake wa al-Qanun ulisomeshwa kwa karne nyingi, hadi India.

Mwaka 1284 Sultani Qalawun alifungua mjini Cairo hospitali kubwa ya Mansuri. Ilikuwa na sehemu za wanaume na za wanawake, mahali pa wenye homa, pa wenye macho, pa upasuaji, na mahali pa kutengenezea dawa. Kila sehemu ilihitaji watu wake. Hapa wazazi tuna la kuzingatia, kwani mara nyingi tunaposema afya tunakusudia udaktari peke yake. Muuguzi, mkunga, mfamasia na mtaalamu wa maabara nao wanaitekeleza fardhi hiyo hiyo, na mgonjwa hawezi kupona bila wao. Kijana ambaye alama zake au moyo wake unamwelekeza huko hajashindwa.

Ibn Nafis aliugua siku sita. Matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kidogo kuwa dawa. Alikataa, kwa kuchelea kukutana na Mola wake hali ya kuwa tumboni mwake mna kileo. Alifariki siku ya Ijumaa, tarehe 21 Dhulqaada mwaka 687, sawa na tarehe 17 Desemba 1288. Nyumba yake na vitabu vyake vyote aliviusia kwa hospitali ya Mansuri. Mwalimu alikuwa ametoa nyumba yake kwa ajili ya wanafunzi, na mwanafunzi akatoa yake kwa ajili ya wagonjwa.

Basi mzazi anapokaa na mwanawe kuchagua masomo, asimlazimishe kuchagua kati ya msikiti na maabara. Amuulize anachokiweza, amtafutie mwalimu mwema, na amfundishe kuwa elimu aliyopewa ni amana ya watu. Ibn Nafis alizishika njia zote mbili mpaka pumzi ya mwisho, na hakuna iliyomzuia kuifikia nyingine.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na awajaalie vijana wetu elimu yenye manufaa. Amin.