William Cowper: Miaka 36 Baada ya Siku Ile

Wimbo ule wa chemchemi ya damu ya Imanweli tunaujua wote. Kwenye mikutano yetu ya mpakani ukianzishwa upande mmoja, upande wa pili unadakia bila kuangalia kitabu. Ila ukiuliza ulitungwa na nani, watu hutazamana. Aliyeutunga ni Mwingereza, William Cowper, na huyu ndugu alijaribu kujiua zaidi ya mara moja, kabla ya kuokoka na hata baada ya kuokoka. Hilo halisemwi sana mimbarani. Tumeona tuliseme katika toleo hili kwa sababu katika ushirika wetu zipo nyumba zinazoujua msiba wa namna hii, na mara nyingi zinaujua kimyakimya.

Alizaliwa Novemba 1731 mjini Berkhamsted, baba yake akiwa kasisi. Mama alifariki mtoto akiwa hajatimiza miaka sita. Akapelekwa shule ya bweni, akaonewa vibaya na mwanafunzi mkubwa kuliko yeye. Baadaye alisomea sheria London, lakini uwakili haukumwingia moyoni. Huzuni ilianza kumtembelea akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu.

Mwaka 1763 jamaa zake walimtafutia kazi nzuri ya ukarani katika Baraza la Malodi. Watu wangefurahi, sivyo? Yeye aliambiwa kwanza atahojiwa mbele ya baraza zima, na hofu ya siku hiyo ikamvunja kabisa. Alijaribu kuutoa uhai wake akashindwa. Alikuwa na miaka 32. Ndugu zake hawakumficha chumbani kwa aibu. Walimpeleka St Albans kwa daktari Nathaniel Cotton, Mkristo aliyetunza wagonjwa wa akili kwa upole, wakati ambapo mahali pengi wagonjwa hao walifungwa minyororo. Alikaa kule karibu mwaka mmoja na nusu. Katika bustani ya daktari alikuta Biblia imeachwa juu ya benchi, na mwaka 1764, akisoma Warumi 3:25, aliamini na furaha ikamjaa.

Shuhuda nyingi huishia hapo. Hii haiishii hapo, ndiyo maana inatufaa.

Alipotoka alihamia Huntingdon, akapokelewa kama mtoto wa nyumbani na familia ya mchungaji Morley Unwin. Mchungaji akafa mwaka 1767 kwa kuanguka kutoka juu ya farasi. Mjane wake, Mary, pamoja na Cowper wakahamia Olney ili wawe chini ya mafundisho ya John Newton. Newton mnamfahamu: nahodha wa meli za watumwa aliyeokoka, mtunzi wa wimbo wa neema ya ajabu. Olney ilikuwa mji mdogo wa mashambani, wengi wakiishi kwa kusuka lesi kwa mikono, kazi ya kuumiza macho na mgongo kwa malipo madogo sana.

Nyumba ya Cowper na ya Newton zilitenganishwa na shamba la miti ya matunda la mtu mwingine. Walikubaliana na mwenye shamba wamlipe gini moja kwa mwaka, sarafu ya dhahabu ya shilingi 21, ili wapite katikati bila kuzunguka barabarani. Mimi jambo hili hunigusa kuliko mahubiri mengi. Hawa watu walilipia njia ya kufikiana haraka, kila siku, hata pasipokuwa na shida. Wakaanza pamoja kuwatungia nyimbo waumini wa kawaida wa pale. Kitabu kilitoka mwaka 1779, na zaidi ya nyimbo 60 humo ni za Cowper.

Zingekuwa nyingi zaidi, lakini Januari 1773 giza lilirudi. Mwezi uliofuata aliota ndoto iliyomwacha na hakika kwamba Mungu amemkataa moja kwa moja. Kuanzia hapo mpaka kufa hakuhudhuria tena ibada kanisani. Fikiria, mtu ambaye nyimbo zake zinaimbwa na wenzake, yeye amekaa nyumbani akiamini hazimhusu tena.

Mwezi Aprili alihamia nyumbani kwa Newton na akagoma kuondoka. Alikaa zaidi ya mwaka. Oktoba alijaribu tena, akaokolewa. Newton aliomba sana, hilo halina ubishi, lakini pia alitafuta ushauri wa daktari Cotton. Alimtembeza, akampa kazi ya bustani. Katika shajara yake alikiri kwamba kuna siku uvumilivu ulimwishia. Hakumfukuza mgeni wake, wala hakumtangazia kanisani kuwa imani yake ni haba.

Mama Unwin alibeba mzigo mzito kuliko wote. Katika ugonjwa ule Cowper alisadiki kwamba kila mtu anamchukia, na mama huyu kuliko wengine, na bado hakukubali kuhudumiwa na mtu mwingine yeyote. Walikuwa wamekubaliana kuoana, ugonjwa ukavunja mpango. Maneno ya watu hayakukosekana, si unajua vijiji. Mama alibaki.

Akili ilipoanza kutulia mwaka 1774, jirani alimletea sungura mdogo ambaye watoto wake walishindwa kumtunza. Habari zikaenea mtaani kwamba Bwana Cowper amefurahi, basi kila mtu akaleta sungura, mpaka akalazimika kuwakataa. Alibaki na watatu, akawajengea nyumba kwa mikono yake mwenyewe. Mmoja, Puss, aliishi naye karibu miaka 12. Wapo watakaocheka kusikia habari za sungura katika gazeti la ushirika. Lakini mtu aliyekuwa hataki kuamka asubuhi sasa alikuwa na kiumbe kinachongoja chakula kutoka mkononi mwake.

Newton alihamia London kuanzia mwaka 1780, akaendelea kumwandikia barua. Wengine wakaingia kwenye zamu. Lady Austen alimsimulia kisa cha kuchekesha cha mfanyabiashara aliyekimbizwa na farasi, Cowper akakitungia shairi lililochekesha Uingereza nzima. Huyo huyo alimpa kazi ya kuandika shairi refu, The Task, lililotoka mwaka 1785 na kumfanya maarufu.

Ndani ya shairi hilo kuna sehemu anayolilia vijiji. Anaeleza vilabu vya pombe vilivyo kila baada ya hatua chache, mafundi na vibarua wanaokunywa riziki ya watoto wao, na serikali inayochekelea ushuru. Sisi kwetu kinywaji hubadili jina tu kikivuka mpaka, hapa chang'aa, pale gongo, kule waragi. Cowper hakuwaangalia hao watu kwa juu. Tajiri mmoja, Robert Smith, alitoa fedha kwa siri kwa ajili ya maskini wa Olney, na zikawafikia kupitia kwa Cowper. Yaani mgonjwa anayelindwa ndiye pia aliyetumwa kubisha hodi kwa wenye njaa.

Mwaka 1786 binamu yake Harriet Hesketh alimsaidia kuhamia kijiji cha jirani, Weston Underwood, penye nyumba yenye nafasi na hewa nzuri. Januari 1787 giza likaja mara ya tatu, akajaribu tena, na Mama Unwin akamuwahi. Baada ya miezi sita akainuka. Mwaka uliofuata alitunga mashairi ya kupinga biashara ya watumwa, mwaka uleule ambao Newton naye alichapisha ushahidi wake kuhusu biashara hiyo.

Kuanzia mwishoni mwa 1791 Mama Unwin alipata kiharusi, na sasa Cowper akawa ndiye mtunzaji. Alimshika mkono akitembea, akamsomea. Nguvu zao zote mbili zilipokwisha, kijana wa ukoo wa mama yake Cowper, John Johnson, aliwachukua wote wawili mwaka 1795 kwenda Norfolk akawatunza. Mama Unwin alifariki Desemba 1796. Cowper hakupata tena furaha. Tusidanganyane, hakuna ushuhuda wa kupona kwake dakika za mwisho. Alikufa kwa ugonjwa, kitandani, tarehe 25 Aprili 1800 mjini East Dereham, akiwa na watu pembeni. Alikuwa na miaka 68. Tangu siku ile ya London ilikuwa imepita miaka 36.

Alizikwa ndani ya kanisa la Mtakatifu Nicholas, kanisa lile lile walikomlaza Mama Unwin.