Ramani Iliyozaa Kitabu: Maisha ya Robert Louis Stevenson

Wahenga hawakukosea waliposema kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii yamfaa sana mwandishi ninayetaka kuwasimulia maisha yake, Robert Louis Stevenson. Wengi wetu twamjua kwa ile hadithi ya maharamia na hazina iliyofukiwa, ambayo ilitafsiriwa kwa Kiswahili ikaitwa Kisiwa Chenye Hazina. Lakini je, mpenzi msomaji, wajua kwamba kisiwa kile kilichorwa kwanza, na hadithi ikafuata nyuma?

Stevenson alizaliwa tarehe 13 Novemba 1850 katika mji wa Edinburgh, Uskoti. Ukoo wao ulikuwa wa wahandisi wa minara ya taa, ile inayoongoza mabaharia usiku wasije wakagonga miamba. Babu yake ndiye aliyejenga mnara wa Bell Rock, juu ya mwamba ambao hufunikwa na bahari maji yanapojaa. Baba yake, Thomas, alifuata nyayo hizo hizo. Kwa kuwa Louis alikuwa mtoto wa pekee, ilitarajiwa kwamba naye angekuwa mhandisi.

Lakini kifua chake kilikuwa kibovu. Alikohoa usiku kucha, na siku nyingi za utoto wake zilimwishia kitandani. Basi akakigeuza kitanda kuwa nchi. Blanketi lilikuwa na vilima na mabonde, na vijiaskari vyake vya kuchezea vikapiga gwaride humo. Binamu yake Bob alipokuja kuishi nao, kila mmoja alijipatia ufalme wake. Wa Bob uliitwa Nosingtonia, wa Louis ukaitwa Encyclopaedia. Walitawala, walipigana vita, na kila mara walichora ramani za nchi hizo. Hata uji wa asubuhi haukusalimika! Bob alitia sukari kwenye uji wake akasema ni nchi iliyofunikwa na theluji. Louis alitia maziwa, wake ukawa nchi iliyoingiwa na mafuriko, na huku wakila walipashana habari za visiwa na mabonde yanayozama.

Mwaka 1867 Louis aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh kusomea uhandisi. Mwaka 1871 alimwambia baba yake wazi kwamba hataki minara, anataka kuandika. Mzee alisikitika sana. Wakapatana asome sheria, naye akahitimu uwakili mwaka 1875, ingawa kazi yenyewe hakuifanya kwa maana. Mwaka 1880 alimwoa Fanny Osbourne, mama Mmarekani aliyekuwa na watoto tayari. Mmoja wao alikuwa mvulana aitwaye Lloyd, na huyu ndiye aliyeleta baraka.

Mwezi wa Agosti 1881 familia hiyo ilikuwa likizoni Braemar, Uskoti. Mvua ilinyesha bila huruma, hakuna kutoka nje. Lloyd, aliyekuwa na miaka 13, alipitisha wakati kwa kupaka rangi za maji. Siku moja baba yake wa kambo alijiunga naye, akachora kisiwa. Akatia ghuba, vinamasi na vilima, akavipa majina, kisha akatia misalaba mitatu myekundu kuonyesha hazina ilipo. Alipokuwa akiitazama karatasi ile, watu walianza kumtokea msituni, wenye panga na wenye bunduki. Akashika kalamu. Aliandika sura 15 kwa siku 15, na kila siku aliwasomea watu wa nyumbani. Hata Mzee Thomas, yule aliyesikitika, alinogewa! Ni yeye aliyeandika orodha ya vitu vilivyokuwa ndani ya sanduku la yule baharia mzee, na ndiye aliyeipa jina meli ya haramia Flint.

Ghafla maneno yakakauka. Stevenson hakuweza kuendelea mpaka alipofika Davos, Uswisi, alikokwenda kutibu kifua chake. Huko alimaliza kitabu. Huko Davos pia, yeye na Lloyd walichora nchi nzima kwa chaki kwenye sakafu ya dari. Ilikuwa na milima, mito, madaraja, barabara nzuri na barabara mbovu. Waliendesha vita humo kwa vijiaskari, kwa sheria kamili, na Stevenson akaandika habari za vita hivyo kana kwamba ni za gazeti. Mtu mzima, wakili, amepiga magoti sakafuni!

Hadithi ilipotolewa kuwa kitabu mwaka 1883, jambo la kuhuzunisha lilitokea. Ramani ilitumwa kwa mchapishaji ikapotea njiani. Hapo ndipo koleo lilipovunjika. Stevenson ilimbidi asome kitabu chake mwenyewe toka mwanzo hadi mwisho, aorodheshe kila kilima na kila umbali uliotajwa, kisha achore ramani mpya inayopatana na maneno. Ilichorwa ofisini mwa baba yake, na mzee mwenyewe akaigiza saini ya Flint. Ramani ilipendeza, lakini moyoni mwa Stevenson haikuwa ile ya kwanza.

Alishikilia kwamba mwandishi lazima aijue nchi yake ya kubuni kama anavyoujua mkono wake. Ajue jua linachomoza upande gani na kutoka hapa hadi pale ni mwendo gani. Yeye mwenyewe aliwahi kuteleza kuhusu mwezi katika riwaya yake Prince Otto, na tangu hapo hakuandika bila kalenda ya mwezi.

Mwaka 1974 huko Marekani ulitoka mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons. Mchezaji mmoja huwa msimulizi mwenye ramani ya nchi ya kubuni, wengine huwa wasafiri ndani yake, na dadu huamua nani apone. Sisemi Stevenson ndiye aliyeubuni, la hasha. Lakini msimulizi huyo ana kazi ile ile ya Stevenson. Wenzake watamwuliza mto huu unavukwa wapi, na kama hajui, mchezo umekufa.

Mwaka 1888 Stevenson alisafiri bahari ya Pasifiki, na mwaka 1890 akaanza kuishi Vailima, kisiwani Upolu, Samoa. Wenyeji walimwita Tusitala, yaani mwandishi wa hadithi. Tarehe 3 Desemba 1894 alianguka ghafla, akafariki jioni hiyo akiwa na miaka 44. Wasamoa walifyeka njia hadi juu ya mlima Vaea wakambeba mabegani kwenda kumzika.

Wanachama wenzangu, tunaandika insha nyingi zinazotokea katika kijiji fulani, ambacho hata sisi hatujui kisima chake kiko wapi. Shaaban Robert alipobuni Kusadikika, aliiweka nchi hiyo hewani, akaipa mfalme, mawaziri na baraza la kushtakiana. Kabla ya insha ijayo, hebu tuchukue penseli tuchore kwanza. Huenda watu wakatutokea.